Ringi za nguzo kila sm 20, Bukoba zinatosha?

Mdau wa Kashai: Habari wakuu. Najenga ghorofa moja hapa Bukoba: chini fremu tatu za maduka, juu tutaishi. Nguzo ni sm 23 kwa 23, nondo nne za mm 12, ringi (vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo) za mm 8 kila sm 20. Fundi anasema zilizoanguka tetemeko la Septemba 2016 ni nyumba za tope na tofali, ya zege haina shida. Nondo zimeshasukwa. Tumwage zege?

Injinia mstaafu: Usimwage, mkuu. Kweli nyumba za tofali ndizo ziliumia zaidi, ila tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu; likija kubwa zaidi, hata ya zege inaweza kuanguka. Nguzo huvunjikia ncha zake: juu ya sakafu na chini ya bimu. Zege la nje likishapukutika, ringi zikiwa mbalimbali nondo inabenuka nje na mzigo unashuka. Kwa Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya majengo ya kuhimili tetemeko, nguzo nyembamba kama yako ringi zikaribiane hadi sm 8 hivi, angalau sm 45 kila ncha. Halafu nondo nne za mm 12 hazifiki hata asilimia 1 ya eneo la nguzo. Weka nane.

Ila kinachonitisha zaidi ni hizo fremu. Mbele mageti matupu, nyuma ukuta, juu vyumba. Ardhi ikicheza, ghorofa ya juu inakwenda kama boksi zima, nguzo za chini ndizo zinapinda, na jengo linajisokota kuelekea ule upande wazi. Hapo unahitaji kuta za zege pande zote mbili, na mhandisi aliyesajiliwa akupigie hesabu. Hilo silimalizi mimi hapa jukwaani.

Mdau wa Kashai: Duh. Na ringi kazikunja mkunjo wa L, ni sawa?

Fundi nondo: Si sawa, kaka. Mkunjo huo wa nyuzi 90 unafunguka ganda la zege likitoka. Kunja nyuzi 135, mkia wa sm 8 uzame ndani ya zege, na mikunjo ipishane kona. Pale bimu inapokutana na nguzo msiruke ringi. Tunaziruka kwa sababu mkono haupiti. Mimi huzivisha kabla nondo za bimu hazijashushwa kwenye fomu, yaani boksi la mbao la kumwagia zege.

Injinia mstaafu: Umenena, fundi. Na nondo ziungwe katikati ya kimo cha nguzo, si pale juu ya sakafu mlikozoea.