Wakuu, huo mji wa kale wa Quanzhou kule China unafaa kupotezea siku?

Mtu wa Masoko:
Wakuu salama? Mwezi ujao nafuata mzigo wa spea za bodaboda Guangzhou, sasa kuna mzee wangu huku Kilwa Masoko kanikazania nipitie na Quanzhou, eti babu zetu walifika huko kabla ya Vasco da Gama. Mi najua Quanzhou ni viatu tu. Kuna nini cha maana?

Bi Shangani (Mtwara):
Nenda kaka. Nilisoma mkoa huohuo wa Fujian. Mtaa wa Tumen kuna msikiti wa Qingjing, wa mwaka 1009, lango la mawe refu mpaka shingo inauma, ukumbi wa kuswalia hauna paa liliporomoka zamaaani, umebaki kuta na aya zilizochongwa kwenye jiwe, mvua inanyesha humohumo, watu wanaswali jengo la pembeni. Na hatua chache tu kuna hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale Wachina wanamwabudu, udi unafuka hadi unakufuata msikitini na hakuna anayemsemesha mwenzie. Kuna na Mtaa wa Magharibi, nyumba za matofali mekundu, hekalu la Kaiyuan lina minara miwili ya mawe imepita mita 40, halafu chini yake bibi kaanika chupi zake hana habari na watalii. Nilikumbuka Mikindani.

Nahodha Mstaafu:
Mzee kapatia nusu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, miaka ya 1340 akafika Quanzhou, wakati ule wakiuita Zaitun na mwenyewe akasema mzaituni haukuwepo hata mmoja! Jina limetokana na citong, mti wa maua mekundu. Ila kwamba Wakilwa walifika wenyewe, hapo mzee kaongeza chumvi, kilichosafiri kweli ni bakuli za Kichina kuja kwetu, zikipita mikono mingi baharini. Maji yakitoka pale Kilwa Kisiwani vipande vyake vya kijani vimelala mchangani (usiokote, ni mali ya kale hiyo). Wageni wa Quanzhou walikuja kuponzwa na uasi wa askari Waislamu ulioanza 1357, karibu miaka kumi ya vita, wengi waliosalimika wakakimbia. UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia 2021, Kilwa yetu tangu 1981, lakini wenzetu magofu yao yana watu ndani.

Mtu wa Masoko:
Duh. Basi spea zitasubiri siku mbili. Nimemsomea mzee hapa, ya chumvi kajifanya hakusikia, kaagiza picha ya lango tu.