Dawati la Jinsia la polisi kwetu linafungwa jioni, mtu akipigwa saa sita usiku aende wapi?

MamaWaTatu:
Jamani habari za leo. Mdogo wangu tunakaa naye huku Dar, juzi kapigwa na mumewe mpaka jicho limevimba, akakimbilia kituoni usiku na kanga yake tu, kufika kaunta afande anamuuliza umemfanyia nini mumeo. Dawati la Jinsia limefungwa, rudi asubuhi. Asubuhi karudi, kaambiwa kwanza RB (namba ya taarifa yake kituoni), halafu PF3 (fomu ya polisi ya daktari kujaza majeraha), halafu hospitali, halafu uirudishe PF3 hapa, na kote huko anasimulia upya mbele za watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa. Mchana akachoka, kasema bora nirudi nyumbani. Hivi haya madawati si yameanza tangu 2008 huko, mbona bado mtu anazungushwa hivi? Na tufanyeje sasa?

Nesi_wa_Zamu:
Pole yake sana. Kwanza mpeleke hospitali hata leo, msingoje. Mtu akija ameumia sisi tunamtibu, PF3 itafuata, na daktari akiona jeraha likiwa bichi anajaza vizuri kuliko likishapoa. PF3 ni bure, akiombwa hela hiyo ni rushwa. Pia ulizia kama hospitali ya wilaya yenu ina kituo cha mkono kwa mkono, pale polisi, daktari na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja, anasimulia mara moja basi. Ndo kitu kinachofanya kazi kweli, shida havijatosha.

Kaka_Mkubwa77:
Mambo ya ndoa hayo, leo mnampeleka polisi kesho wamepatana nyie mnabaki maadui. Wazee waitwe wakae.

Msaidizi_Kisheria:
@Kaka_Mkubwa77 mkuu, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Ni ya 1971 hiyo, sio jambo jipya. Wazee kukaa sawa, ila jicho lililovimba ni jinai, halimalizwi na kikao. Watu wanachanganya na baraza la usuluhishi la ndoa, lile ni kabla ya kudai talaka, halihusiani na kesi ya shambulio.
Dada, kituoni mkizungushwa tena ombeni kuonana na OCS, yaani mkuu wa kituo, mtajieni namba ya RB, muulizeni mpelelezi ni nani. Ukishajua jina la mpelelezi mambo yanabadilika kidogo. Msaada wa kisheria bure upo pia, sheria yake ni ya 2017.

AfandeMstaafu:
Nimekaa kaunta miaka mingi naomba niseme na upande wetu. Unafungua jalada, unamkamata jamaa, siku ya shahidi kutoa ushahidi mlalamikaji haji, au anakuja kusema tumemaliza kifamilia. Ikitokea hivyo mara nyingi askari anakata tamaa, anaanza kumuuliza mwanamke una uhakika? Sio sawa najua, ila ndo chanzo chake.

Nesi_wa_Zamu:
Afande lakini umeshajiuliza kwa nini haji? Anarudi kulala kwa yule yule aliyemshtaki, kodi analipa yule, ada ya watoto analipa yule, mama mkwe yupo sebuleni, ungekuwa wewe ungekwenda mahakamani? Nyumba salama zipo chache mno, wilaya nyingi hakuna kabisa. Mimi ningepewa bajeti ningeanza na hapo, kitanda cha mwanamke na wanawe hata wiki chache, semina za maafisa zije baadaye. Na dawati liwe na askari wa zamu ya usiku jamani, watu hawapigwi saa za ofisi.

Binti_wa_Kisauni:
Huku Kenya tuna sheria yetu kamili ya ukatili wa nyumbani ya 2015, waweza kwenda kotini ukaomba amri ya ulinzi mume asikukaribie, na pia namba 1195 ya kupiga bure. Lakini ukifika stesheni kuna karao atakwambia vile vile nenda mkaongee nyumbani 😒 sheria nzuri, kaunta ni ile ile.

MamaWaTatu:
Asanteni, hospitali tumeshaenda, daktari kajaza. Kesho naenda naye mwenyewe kwa OCS. Amelala kwangu na watoto wake wawili, mume anapiga simu kila saa, sijui tumpokelee au tuzime. @Msaidizi_Kisheria hizo meseji anazotuma za vitisho tuzitunze?

Msaidizi_Kisheria:
Msifute hata moja. Na muende nayo simu yenyewe kesho.