Naomba ushauri: kibati cha mwanajeshi wa Vita vya Kwanza, nitampataje mwenyewe?

Habari zenu wakubwa. Mdogo wangu alikuwa analima huku Taveta karibu na kilima cha Salaita, jembe likagonga kibati cha duara chenye tundu, zile za kuvaa shingoni wanajeshi. Nimekiosha na maji tu, naona namba, herufi CE (nadhani dini, Anglikana) na jina limefutika nusu. Hapa ndo Wasauzi walichapwa na Wajerumani Februari 1916 so huenda ni wao. Tovuti ya CWGC (ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola) inaonyesha waliokufa tu, sasa kama alirudi kwao mzima je? Muuza vyuma chakavu ashaanza kuniulizia bei, simpi ng'o. Nianzie wapi, Makumbusho ya Taifa ama ubalozi?