Tupeane uzoefu: programu ya bure uliyoinstoli ikaja na wenzake ambao hukuwaita

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni fundi kompyuta, kazi zangu nyingi ni za mashuleni na ofisi ndogo ndogo hapa Morogoro. Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna tatizo moja linaniletea wateja kila mara na linaniuma, maana lilikuwa la kuzuilika mlangoni kabisa. Mtu anataka kitu kimoja tu, labda programu ya kuangalizia video au ya kugeuza PDF iwe Word, anaitafuta, anadanlodi, anabonyeza "Next" "Next" "Next" mpaka mwisho, kesho yake akifungua brauza haioni Google, anakuta ukurasa wa kutafutia asioujua, juu kuna tulba (ule mstari wa vitufe vya ziada) imejibandika, pembeni kuna antivairasi ya pili ambayo hakuiomba na kila saa inamwambia kompyuta yako ina makosa mamia, lipia tukusafishie. Hapo bando limekwisha na mashine yenye RAM ya GB 4 imeshakuwa nzito hata Word haifunguki vizuri.

Wengi wanadhani ni kirusi. Mara nyingi siyo, hivi vitu vinaingia kwa ruhusa ya mwenye mashine, kuna dirisha lilimuuliza na tiki ilikuwa imeshawekwa tayari, akapita. Na nyuma yake kuna biashara kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Google wakishirikiana na wa chuo kikuu cha New York walichunguza hayo makampuni yanayounganisha mizigo, yaani programu za ziada, kwenye programu za watu, wakakuta mwenye mzigo analipa kuanzia senti 10 za dola mpaka dola moja na nusu kwa kila kompyuta mzigo wake unapoingia, bei inategemea kompyuta iko nchi gani. Wakati huo Google peke yake ilikuwa inatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kwa watu wanaotaka kudanlodi vitu vya aina hiyo. Kwa hiyo ukiona kitufe cha "Express" kimeandikwa "recommended" ujue kuna mtu anahesabu hela hapo.

Naanza na yangu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu kipindi cha kuingiza matokeo, kila akifungua Chrome unakuja ukurasa ule ule wa ajabu. Alishaenda kwenye setingi kabadilisha, alishaiondoa Chrome kairudisha, wapi. Nikabonyeza kulia kwenye ile shotikati ya Chrome pale desktopu, nikaenda "Properties", nikaangalia kile kiboksi cha "Target". Mwisho wa maneno yanapoishia chrome.exe pamoja na alama za kufunga nukuu, kulikuwa na nafasi moja halafu anwani ya tovuti imeongezwa. Yaani Chrome yenyewe ilikuwa nzima kabisa, shotikati ndiyo inayoiambia ifungue hapo. Nikaifuta ile anwani, nikafanya hivyo hivyo kwenye shotikati ya taskbar kwa sababu nayo walishaibandika, halafu nikaingia Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, nikakuta kazi yenye jina la herufi zisizosomeka imepangwa kujiendesha kila anapowasha mashine ili irudishe kila kitu. Hiyo ndiyo inawashinda watu wengi, wanaondoa kinachoonekana wanaacha kinachokirudisha.

Karibuni. Ukisimulia eleza dirisha lilikuwaje, mzigo uliingilia wapi na uliutoaje, ili mwingine akiliona alitambue.

Mdau, Mbeya

Shukrani mkuu kwa uzi. Mimi nina steshenari, msimu wa maombi ya mkopo wa chuo vijana wanajaa hapa na kila mmoja anataka vyeti vyake viwe PDF na vipunguzwe ukubwa. Niliajiri binti mmoja mchapakazi sana, nilichomfundisha siku ya kwanza kabla hata ya kutoa kopi ni kutofautisha vitufe vya kudanlodi. Unafungua ukurasa mmoja una vitufe vitatu vya kijani vimeandikwa "Download", viwili ni matangazo, cha kweli ni kimaandishi kidogo kiko chini hakina hata rangi. Namwambia usibonyeze, kwanza weka mausi juu ya kitufe utulie, angalia chini kabisa kushoto kwenye brauza anwani inayotokea, kama haifanani na tovuti uliyopo achana nacho.

Cha pili ni ukubwa wa faili. VLC halisi, ile programu ya kuangalizia video, iko kwenye MB 40 hivi. Ukidanlodi kitu kinaitwa VLC halafu kina MB 1, hiyo siyo VLC, ni kijiprogramu kinachoenda kukudanlodia VLC pamoja na wenzake, na hao wenzake wanakula MB zako wewe. Sisi tunaonunua bando kwa siku hii inatuumiza kuliko mtu mwenye faiba nyumbani.

Mdau, Dar

Naongezea hapo kwa mdau wa Mbeya, ukubwa ni dalili tu, usiufanye kanuni. 7-Zip yenyewe, ya kufungulia mafaili ya zip, ni kama MB moja na nusu na ni halali kabisa. Kitu cha uhakika zaidi ni saini ya kidijitali, inayoonyesha faili limetoka kwa nani. Bonyeza kulia kwenye faili uliyodanlodi, "Properties", kama kuna sehemu ya "Digital Signatures" isome, VLC utaona VideoLAN. Ukikuta jina la kampuni usiyoielewa kwenye kitu kinachojiita VLC, futa hapo hapo. Zipo programu nzuri ambazo hazina saini kabisa, hizo kinga yake ni kudanlodi kwenye tovuti ya wenyewe: videolan.org, 7-zip.org, gimp.org, audacityteam.org, libreoffice.org. Andika mwenyewe anwani juu pale, usipitie kwenye matokeo ya juu ya Google yenye neno la tangazo, maana miaka ya 2022 na 2023 wahalifu walikuwa wanalipia matangazo ya programu hizi hizi wanakupeleka tovuti feki.

Mdau, Eldoret

Sasa wadau. Mimi nafundisha networking kwa college huku Eldoret na hii story huwa nawapa wanafunzi wangu kila intake. Mnasema watu waende kwa tovuti zinazojulikana, sawa, lakini hata zinazojulikana zimewahi kutuangusha. Nmap ni chombo cha kuskani mitandao, kinatumika dunia nzima, Desemba 2011 mwenye kuitengeneza aliandika akilalamika vikali kwamba Download.com ya CNET imeifunga ndani ya installer yao (ile faili ya kuinstolia), mtu akiinstoli anapewa tulba na homepage yake inabadilishwa, na mwenye Nmap hakuulizwa. Halafu SourceForge, ambayo sisi wote tulikua tukiiheshimu kama nyumbani kwa programu huria. 2013 wakaanzisha mpango wa kuweka offers, yaani ofa za programu nyingine, kwa installer, GIMP (ile ya kuhariri picha) wakaondoka mwaka huo huo. Mei 2015 ikajulikana ile akaunti ya GIMP ya Windows waliyoiacha imechukuliwa na SourceForge wenyewe na installer iliyokuwa hapo imewekewa matangazo. Mapema 2016 SourceForge ikauzwa na wamiliki wapya wakafuta ule mpango kabisa.

Kwa hivyo mimi huwaambia wanafunzi jina la tovuti pekee halitoshi, hata kama uliitumia mwaka jana ikiwa poa. Soma kila dirisha la installer kila mara, hata ukiwa unaupdate tu. Java ilikuwa inakuja na tulba ya Ask, na Januari 2013 mwandishi Ed Bott alionyesha kwamba ile tulba ilikuwa inangoja dakika 10 baada ya Java kumaliza ndio inajiinstoli. Ukienda kuangalia kwa Control Panel ile saa ile hupati kitu, unarelax, halafu inaingia. Hiyo ni mbinu ya mtu anayejua anafanya nini.

Mdau, Unguja

Assalaam alaykum. Kijana wangu wa skuli alitaka programu ya kukata video, nikakaa nae pembeni aniinstolie mbele yangu nione. Dirisha la kwanza mkataba, sawa. La pili likaja na kitufe kikubwa cha buluu "Accept" na pembeni "Decline" imefifishwa rangi kama vile haibonyezeki. Akataka kukubali akidhani bila ya hivyo haiendelei. Nikamwambia hebu ibonyeze hiyo iliyofifia. Ikabonyezeka, na installer ikaendelea kama kawaida! Kumbe ule mkataba wa pili haukuwa wa programu yake hata kidogo, ulikuwa wa brauza nyengine kabisa. Ukisoma mstari wa kwanza tu unaona jina jengine. Basi khasa nawaomba wazazi, mfundisheni mtoto kusoma jina la kitu anachokikubali, asome mstari ule mmoja tu.

Mdau, Mwanza

Mimi naona mnawaonea watengenezaji jamani. Programu ya bure, mtu amekaa miaka anaiandika, atakula wapi? Tulba moja inakuua?

Mleta uzi

Ndugu wa Mwanza, hoja yako naiheshimu na nakujibu kwa dhati. Kula ale, lakini aniulize kwa uwazi. VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996, mpaka leo inasimamiwa na shirika lisilo la faida, na kiongozi wao Jean-Baptiste Kempf amesema hadharani kwamba walipewa ofa za fedha nyingi sana ili waweke matangazo na mizigo wakakataa. Wanapokea michango. Mtu anayeweka boksi tupu na kuniambia tiki ukitaka, mimi sina ugomvi naye. Ninayemlalamikia ni yule anayeweka tiki kabla yangu, anafifisha "Decline", na anapanga kazi kwenye Task Scheduler ili nikitoa irudi. Huyo anajua kabisa ningeulizwa vizuri ningekataa.

Mdau, Mombasa

Wengine twapata mzigo hata kabla hatujainstoli kitu. Mwakumbuka ile kesi ya Superfish? Laptop za Lenovo za watu wa kawaida zilizouzwa kuanzia Septemba 2014 zilikuja na hiyo programu ndani, ikiingiza matangazo kwenye kurasa. Ubaya wake ilikuwa yaweka cheti chake cha usalama kwenye Windows, kwa hiyo hata ukurasa wenye kufuli waweza kuchunguliwa. Februari 2015 ikafichuka na Lenovo wakatoa kifaa cha kuiondoa. Tangu hapo laptop yoyote, mpya au mtumba, mimi naweka Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe kabla sijaandika neno la siri hata moja. Na hizi za mtumba ndizo za kuogopa zaidi, fundi ameshaiwekea vitu vyake na activator juu (ya kufungulia Windows bila kulipia), na ile activator sharti la kwanza ilikutaka uzime antivairasi.

Mdau, Dodoma

Kwa wanaoinstoli mashine nyingi: tumieni Ninite. Unachagua unazotaka, inakupa faili moja, inakataa tulba zote yenyewe. Au kwenye Windows 10 na 11 fungua Command Prompt andika winget install VideoLAN.VLC, inaenda kuchukua kwa wenyewe. Ofisini kwetu sasa hivi hakuna mtu anadanlodi kitu kwenye brauza.

Mdau, Tanga

Samahanini, swali la pembeni. Mama yangu laptopu yake haina tulba wala nini ila kona ya chini kulia zinatokea meseji "una virusi 5" kila dakika hata akiwa hajafungua kitu. Ameogopa mpaka kaizima kabisa.

Mleta uzi

Pole kwa mama, mwambie aiwashe tu, mara nyingi hiyo siyo programu. Kuna tovuti ilimwambia bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe siyo roboti, akabonyeza, ndiyo akaipa ruhusa ya kumtumia notifikesheni. Nenda setingi za brauza, faragha na usalama, ruhusa za tovuti, notifikesheni, utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, zile usizozijua zitoe zote. Ukishindwa pitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha mizigo kama hii, ni ya kampuni ya Malwarebytes, ni bure na haihitaji kuinstoliwa, unaifungua tu inaskani.

Na wote mfanye hili, linachukua muda mfupi: fungua Windows Security, nenda "App & browser control", halafu "Reputation-based protection settings", hakikisha "Potentially unwanted app blocking" imewashwa na visanduku vyake vyote viwili vina tiki. Windows 10 ilipata hiyo setingi kwenye toleo la Mei 2020, na mashine nyingi ninazoletewa bado naikuta imezimwa.

Mdau, Songea

Mkuu na draiva je, zile programu za kuiwezesha kompyuta iongee na kifaa? Printa ya ofisi imegoma, nimegoogle draiva yake nikaletewa programu inasema ina draiva zote za dunia.

Mleta uzi

Hiyo usiiguse mkuu. Chomeka printa, nenda Windows Update, angalia "Optional updates", mara nyingi draiva iko pale. Isipokuwepo nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, andika modeli iliyo kwenye kile kistika cha nyuma, danlodi, na ukiinstoli chagua "Custom" utoe tiki kwenye kila kisichokuwa draiva au skana. Ukikwama niandikie modeli hapa nikuelekeze.