Gari la Kingda Ka lilipandaje mita 139 bila injini?

Mwalimu, Kisumu:
Ndugu zangu, wanafunzi wangu wa fizikia wameniuliza jinsi gari la Kingda Ka, rolakosta (reli ya burudani yenye milima na miteremko mikali) ya chuma iliyofunguliwa New Jersey, Marekani, mwaka 2005 ikiwa ndefu kuliko zote duniani kwenda juu, lilivyopanda mnara wa mita 139 ilhali halikuwa na injini. Je, lingeshindwa kufika kileleni, abiria wangekuwaje?

Fundi, Nakuru:
Mwalimu, mtambo wa haidroliki, yaani unaotumia shinikizo la kimiminika, ulizungusha winchi (pipa la kukunjia kebo), nayo kebo ikalivuta gari hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Kwa hesabu ya darasani, mwendo huo ungelifikisha takriban mita 167 kama msuguano na upepo visingekuwapo, hivyo ziada haikuwa kubwa. Ndiyo maana mara nyingine gari lilishindwa kuvuka kilele, likarudi nyuma na kupunguzwa mwendo na breki za sumaku, ambazo hazihitaji umeme. Ubunifu huo naustahi kuliko rekodi yenyewe.

Mzazi, Kakamega:
Ahsante, fundi. Inasikitisha kwamba mnara huo uliangushwa kwa baruti Februari 2025.

Mwalimu, Kisumu:
Nashukuru sana. Kesho tutaanza na hesabu ya mita 167.