Mbinu za uwanjani katika kutangaza korosho mtandaoni

Mbanguaji, Mtwara: Ndugu zangu, ninauza korosho zilizobanguliwa kupitia Instagram na WhatsApp, nami hulipia matangazo kila siku bila kuona wateja wakiongezeka, je, kocha wa mpira angenishauri nini?

Mwanamichezo, Ruangwa: Kocha makini huutazama upya mkanda wa mechi kabla ya kupanga kikosi kingine. Nawe andika ni tangazo lipi lililoleta oda, si lile lililopendwa tu, kwa sababu timu inaweza kumiliki mpira dakika 90 na bado ikafungwa, jambo ambalo sisi mashabiki wa Namungo tunalielewa vizuri.

Mkimbiaji, Lindi: Naongeza, kaka: mkimbiaji wa kilomita 42 hamalizi pumzi mwanzoni. Tunza fedha za matangazo uzitumie katika wiki zinazotangulia Idi na Krismasi.

Mbanguaji: Ahsanteni. Daftari la oda nimelifungua leo.