Mrejesho: jabera zangu za Makunduchi zilizokuwa zikioza

Assalam alaykum ndugu zangu. Wakati wa masika niliuliza hapa kwa nini miche yangu sita ya maua ya jabera inageuka manjano na kuoza shinani. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Kaka uliyeniambia nifukue nitazame kitovu cha mche, yaani pale shinani majani yanapochomoza, Mungu akulipe kheri. Nilikuta vitovu vimezama udongoni, vyeusi, vinateleza kama bamia iliyopikwa. Miche miwili ilikuwa imeshakufa. Minne niliing'oa, nikakata palipooza, nikaipanda upya kwenye madebe yaliyotobolewa chini, kitovu kikiwa juu ya udongo kabisa.

Umanjano nao ulikuwa kama alivyosema dada wa Wete: jani manjano, mishipa kijani. Ardhi yetu hii ya mawe ya matumbawe imejaa chokaa, na mmea hauwezi kufyonza chuma. Nikatia mboji ya majani na samadi iliyooza vizuri, nikaacha maji ya kisima, nikamwagilia ya mvua. Majani mapya yametoka kijani. Ya zamani hayakubadilika.

Kosa ni langu: debe moja nilichanganya makumbi, yaani maganda ya nazi, yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Chumvi! Wiki haikwisha, kingo za majani zimeungua, mche ukafa. Mkitaka makumbi, chukueni ya nazi za shamba.

Imebaki mitatu. Mmoja umechanua leo asubuhi, ua la rangi ya chungwa, pana kama kisahani cha kahawa. Miwili bado majani matupu. Ahsanteni sana, nimefurahi mno.